Uso Usio na Mchongaji

Kilwa, 14 Januari 2024

Mpendwa Mjomba Leonadi,

Shikamoo. Kabla ya kushika kalamu nimejiapiza kwamba katika barua hii nitakueleza yote, hata yale ambayo msichana hapaswi kumwandikia mjomba wake. Ukikasirika, tafadhali kasirika ukiwa umeshafika mwisho.

Nilifika salama. Basi lilitukwamia Kiranjeranje, nikapata nafasi ya kumsalimia mama mdogo Joyce. Hajambo, ila watoto wake wote wana mafua. Kidato cha tatu kimeanza na uchovu wake. Tunaamka alfajiri kuchota maji, na ukifika muda wa kujisomea macho yanajifunga juu ya daftari. Matroni amekusanya simu zote tena, kwa hiyo ni barua tu. Konda Mfaume amekubali kuzichukua na kuziacha dukani kwa Jafari, hapo njia panda ya Mingoyo. Msalimie Bibi Consolata. Mwambie mwanao Deo kwamba kutoka jandoni hakumpi ruhusa ya kuvaa viatu vyangu vya mvua.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu Imani, anayetufundisha fasihi, ametupa insha ya mashindano: ni nini huifanya kazi ya sanaa iwe nzuri au iwe na nguvu? Ametufundisha kutenganisha fani na maudhui, yaani kitu kimetengenezwaje na kinasema nini. Wenzangu wanaandika juu ya nyimbo na magofu ya Kisiwani. Mimi kila nikifumba macho naona lipiko, kile kinyago cha ngoma yetu, lililotoka mwezi uliopita, siku mlipowatoa wavulana jandoni.

Nayajua ya kusema na ya kunyamazia, Mjomba. Sisi wanawake tunaambiwa lipiko halichongwi na mtu. Ni mtu wa kale aliyeinuka ardhini, na anayelicheza hana jina. Siulizi zaidi ya hapo. Nasimulia tu nilichokiona nikiwa nimesimama na akina mama.

Lilipotoka vichakani tulikimbia kama desturi, tukipiga kelele. Mama Abdala alikuwa akicheka huku anakimbia: "Mwacheni Skola nyuma, huyo ndiye mbichi, watamla yeye!" Kisha ngoma zikapungua, likasimama, tukarudi taratibu kutazama. Lilikuwa uso wa mwanamke. Si mzuri sana, paji pana, pua ya kawaida. Lakini midomo ilikuwa imebanwa, na shavu moja limepanda kidogo, kama mtu aliyekatazwa kucheka kanisani. Kelele zikaisha. Nikamsikia Mama Abdala nyuma yangu: "Jamani, huyo si Anjelina?" Mwingine akamkata: "Funga mdomo. Lipiko halina jina."

Bibi hakukimbia tangu mwanzo. Lipiko lilifika mbele yake likainamisha kichwa. Bibi akajifunika kanga usoni, akachukua kigoda chake, akaingia ndani. Hakutoka tena, hata wakati wa kugawa chakula.

Mjomba, watu wote pale walimtambua mama yangu isipokuwa mimi. Alipofariki nilikuwa na miaka mitatu. Picha yake moja iliyokuwepo, mchwa waliila kuanzia usoni. Nilisimama mbele ya mama kama mgeni, na machozi yakanitoka bila mimi kujua nalilia nini. Sijui kama hiyo ni fani au ni maudhui.

Naomba mambo mawili. La kwanza, ruhusa ya kuandika insha hii. La pili ni zito zaidi. Kitu kile kisipotee. Siku moja, kama kuna njia, nikione kwa karibu, bila ngoma, nimtazame mama yangu hadi nishibe.

Mpwa wako,
Skolastika


Mingoyo, 9 Februari 2024

Mpwa wangu Skola,

Marahaba. Barua yako Jafari aliikalia wiki nzima chini ya mzani wa sukari. Nimemwambia akirudia tena nitakwenda kununua kwa jirani yake, amecheka kwa sababu jirani yake amefunga duka.

Sisi ni wazima wa kuchoka. Mikorosho ya juu imezeeka, ile ya chini nyani wanaipenda kuliko ninavyoipenda mimi. Magoti yangu yananidai. Nachonga vinu na miiko kidogo, jua likiwa kali naacha. Deo ameshavipasua viatu vyako, atakuandikia mwenyewe kuomba radhi, ingawa kwa mwandiko wake hutaelewa.

Mama, yaani bibi yako, amekwenda Kiranjeranje kwa Joyce. Anasema anakwenda kumsaidia na watoto. Amechukua nguo zake, rozari na kinu chake.

Hayo mengine uliyoandika, mpwa wangu, nimeyasoma na karatasi nimeitia motoni. Si kwa hasira. Lipiko hutoka, likimaliza kazi yake hurudi lilikotoka. Hakuna mtu wa kuulizwa. Ndivyo nilivyoambiwa, nami ndivyo nakwambia.

Soma kwa bidii. Usilale ovyo darasani.

Mjomba wako,
Leonadi


Kilwa, 25 Februari 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima, hata kama ni wa kuchoka. Huku nasi tuna homa za hapa na pale. Juu ya kitanda changu panavuja mvua ikipiga kutoka kusini, hivyo nalala na mwenzangu Kidawa, ambaye hutaja majina ya mito ya Tanzania usingizini. Mwambie Deo viatu nimemsamehe.

Mjomba, mtu anayekwenda kusaidia watoto hachukui kinu. Kinu kile Bibi hakuwahi kukiazima hata kwa jirani. Ukiniandikia kwamba amekichukua, umeniandikia kwamba amehama, na hukutaka kuliandika neno hilo.

Nimewaza hivi, unirekebishe nikikosea. Bibi amechukizwa na uso ule. Kama angekuwa amechukizwa na kinu au mwiko, angemwita aliyechonga na kumsema hadi majirani watoke nje. Lakini hili analolichukia halikuchongwa na mtu. Hana wa kumgombeza. Na kama yupo mahali fulani mtu ambaye angependa kumwomba radhi, naye hawezi kufungua mdomo, kwa sababu akiomba radhi amekiri. Basi mmoja amebeba kinu chake na kuondoka, na mwingine amebaki na magoti yake. Simtaji mtu.

Insha niliiandika kwa siku moja, sikuweza kungoja. Mwalimu Imani aliisoma akavua miwani, akaniambia, "Skolastika, hii iende Lindi, na kutoka Lindi iende mbele." Nimemwomba asiitume kwanza. Amenipa hadi mwisho wa Aprili.

Nakuuliza swali la shule tu, ambalo mjomba yeyote anaweza kujibu. Wewe unachonga miiko. Kwa nini mwiko mmoja watu huushika na kuugeuzageuza, na mwingine, wa mti uleule na mkono uleule, wanautupa jikoni bila kuutazama?

Mpwa wako,
Skolastika


Mingoyo, 28 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa. Mvua zimekula barabara, mabasi yalikuwa yanalala njiani, na hata yalipopita mimi sikuwa na la kuandika. Nyumba imesimama. Choo kimeanguka. Deo amefukuzwa shule siku mbili kwa kumwiga mwalimu mkuu anavyotembea. Nimeambiwa aliiga vizuri sana na ndiyo sababu.

Umeuliza habari ya miiko. Sijui, Skola. Ningejua, ningechonga mizuri kila siku na Jafari asingekuwa na miiko yangu ishirini inayoshika vumbi.

Lakini namjua mtu mmoja mchongaji. Jina lake usiniulize. Mwaka jana alikuwa na kazi ya kufanya, ya haraka. Alitaka kuchonga uso wa mwanamke yeyote, wa kuchekesha, watu wafurahi, watoto wao wapokelewe vizuri. Mashavu yakawa manono, macho makubwa. Ulikuwa uso mbaya. Si mbaya wa sura, ulikuwa mtupu, ungeweza kuuweka juu ya debe la mafuta. Alikuwa ametoka kupuliza dawa ya mikorosho, mikono imechoka, akajiambia amalize mdomo akalale. Alichokuwa anafikiria ni kulala tu. Ndipo midomo ikabanwa. Alipoitazama akaweka kisu chini. Alikuwa na dada ambaye akiwa mtoto alipigwa kanisani kwa kucheka, na baada ya hapo akajifunza kuzuia kicheko namna ile. Hakumwita dada huyo. Alikuja mwenyewe kwa mtu aliyechoka.

Angeweza kuukwangua. Kisu kilikuwa palepale. Aliuacha kwa sababu alijisikia vizuri, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alijifikiria yeye. Hakufikiria kwamba atakayesimama mbele ya uso ule ni mama aliyemuuguza binti yake mwaka mzima, akamwosha, akamzika.

Wewe na mwalimu wako mnauliza nguvu inatoka wapi. Mimi nauliza kitu kikiwa na nguvu ya kumtoa mama mzazi nyumbani kwake, uzuri wake una faida gani? Bora miiko.

Insha yako usiitume. Sikuamuru, nakuomba. Wazee hapa watasema mpwa wa Leonadi ameweka mambo ya wanaume kwenye karatasi, na mimi sina tena pumzi ya kujibu watu.

Mjomba wako,
Leonadi


Kiranjeranje, 23 Juni 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka kwa mama mdogo Joyce, nimekuja likizo. Wote wazima. Ufuta umekauka vizuri, tunaupiga tangu asubuhi, na jioni mikono yangu inakataa hata kushika kijiko. Mama mdogo anauliza kama utakuja kabla ya korosho. Nimemwambia sijui.

Barua yako ilinifikia kabla ya tarehe ya mwisho, kwa siku moja. Nilimwendea Mwalimu Imani nikamwambia insha ile nimeifuta. Akauliza: "Nani amekukataza?" Nikasema hakuna aliyenikataza, nimeombwa. Akasema basi niandike nyingine usiku huohuo. Niliandika juu ya kanga: rangi, pindo, jina. Aliirudisha na maneno mawili pembeni: "Sahihi. Imepoa." Haikuenda popote. Silalamiki, Mjomba. Nakueleza tu kwa sababu niliapa kukueleza yote.

Bibi anazungumza na mbuzi kuliko na sisi. Jana nilimsogelea akitwanga.

"Bibi, unarudi lini Mingoyo?"

"Mingoyo kuna nini?"

"Kuna nyumba yako."

"Kuna vumbi. Shika mchi huo, acha kunihoji kama karani wa sensa."

Nikatwanga. Nilipofikiri amenisahau, akaniuliza, "Mjomba wako anakula?" Nikamwambia nadhani anakula. Akasema, "Huyo hupika ugali mbichi," akaenda kuwafunga mbuzi. Ni hayo tu kwa wiki mbili.

Kuhusu yule mtu unayemjua. Nimemfikiria sana nikipiga ufuta. Unasema alijifikiria yeye tu. Lakini kama angejifikiria yeye tu, Mama Abdala asingemtambua Anjelina. Angemtambua mchongaji peke yake. Na mimi nisingelia. Kuna watu zaidi ya mmoja ambao uso ule uliwagusa, na mmoja wao hakuumizwa. Mmoja wao alipewa kitu ambacho hakuwa nacho. Tafadhali mwambie asifanye lolote kwa haraka. Mwambie yuko msichana anayemwomba.

Mpwa wako,
Skolastika


Mingoyo, 18 Agosti 2024

Mpwa wangu Skola,

Marahaba. Korosho zimetoa maua, zitazaa zikipenda. Deo amekuwa mrefu kuliko mimi na hana la kufanya na urefu huo. Mimi nimekonda kidogo. Ugali ninaopika si mbichi, ni mgumu.

Nilimpigia Joyce simu Jumapili nikaomba kuongea na mama. Nilimsikia kwa mbali akisema, "Mwambie niko na mbuzi." Sina la kufanya na hilo. Nitamwambia nini hata akishika simu? Maneno yenyewe hayaruhusiwi, mimi kuyasema wala yeye kuyasikia.

Nimefyeka shamba la bondeni. Pembeni yake kuna kibanda ambacho wanawake hawafiki, unakijua kwa jina tu. Mwezi wa tisa, upepo ukitulia, nitachoma. Mwaka huu kibanda sitakikatia njia ya kuzuia moto. Sitatoa chochote ndani. Yaliyomo yataungua na nyasi, na mama akisikia kwamba kibanda cha bondeni kimeungua ataelewa bila mtu kumwambia neno. Labda atarudi na kinu chake.

Yule mtu nimempa ujumbe wako. Aliweka kisu chini. Kisha akasema mwambie msichana kwamba mama yake hakuwa mti. Anisamehe.

Usinijibu hili. Jiandae na mitihani.

Mjomba wako,
Leonadi


Kilwa, 8 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Umesema nisijibu. Nisamehe, na salamu za leo ni fupi: sijambo, Kidawa hajambo, shule haijambo.

Barua yako ya mwezi uliopita imefika leo mchana. Mfaume anasema basi lake lilikuwa gereji Lindi na barua zote zilikuwa kwenye boksi la kiti chake. Nilipoisoma nilimkimbilia matroni bila hata kuvaa viatu. Alinipa simu. Namba yako haipatikani. Ya Deo imezimwa. Mama mdogo Joyce naye hapokei. Nimepiga hadi matroni akaninyang'anya kwa upole, akasema nitajaribu tena kesho jioni. Mfaume anaondoka alfajiri. Nimemwambia asiiache kwa Jafari, akuletee mwenyewe hadi mlangoni, na ameapa kwa mama yake.

Sikiliza, Mjomba. Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya wazazi. Bibi alikuja. Peke yake, na karanga za kuchemsha kwenye ndoo, akawagawia wasichana wote kana kwamba ni sikukuu. Tulikaa ukutani nyuma ya bweni. Alikuwa amechoka na safari, miguu imevimba. Nikamkanda. Nikamwambia nimeandika insha ya kanga na imepoa. Akauliza ile ya kwanza ilikuwa ya nini. Nikaendelea kumkanda. Akasema, "Najua ilikuwa ya nini. Macho yako siku ile niliyaona."

Nikamuuliza, "Bibi, ulikasirika?"

"Nani kasema nilikasirika?"

"Ulihama."

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana niliyarudia kichwani hadi nikayakariri. "Mimi nilimuuguza Anjelina mwaka mzima. Alikuwa mifupa. Mdomo umepasuka, macho hayafungi. Alipokufa nikabaki na uso ule. Miaka yote, nikifumba macho, ni uso ule tu. Ule mwingine, wa msichana wangu mwenye kicheko, niliutafuta nikaukosa. Nikasema nimeuzika mwenyewe. Siku ile nikaletewa. Mbele za watu, na ngoma, na akina Mama Abdala wanapiga kelele! Ningefanya nini? Niliingia ndani nikafumba macho, nikamwona anacheka. Nikaogopa. Kitanda alichofia bado kiko chumba kilekile. Nikasema nikilala hapa, yule mgonjwa atarudi na kumfukuza huyu. Ndiyo nikaondoka naye. Nimekaa naye Kiranjeranje, taratibu, na mbuzi."

Nikamwambia, "Mjomba anadhani umemkimbia."

"Mjomba wako ana nini na jambo hili?" alisema, na akanikazia macho hadi nikatazama chini. Kisha akalegea. "Nikimwambia asante, nitakuwa nimesema nini? Si haki yangu kujua wa kumshukuru. Ila tangu juzi sura imeanza kufifia tena. Wavulana wakitolewa mwaka huu nitakuja. Safari hii nitakaa mbele, na kigoda changu sikibebi kuingia ndani."

Nikamwomba anionyeshe mama alivyokuwa akicheka. Alikataa. Nikamsumbua. Mwishowe akajipangusa karanga, akabana midomo, shavu moja likapanda, akakaa hivyo, mzee yule, nyuma ya bweni la wasichana. Hakuweza kuzuia. Akapasuka kucheka hadi akakohoa, nami nikampiga mgongoni nikicheka na kulia. Lakini ilikuwa mara moja tu, Mjomba, na uso wake una makunyanzi mengi. Alipoondoka, mimi nilikuwa nimeshaanza kusahau. Nilijaribu kwenye kioo cha Kidawa, haikuja.

Uliniuliza uzuri una faida gani. Sina jibu la kumpelekea Mwalimu Imani, nina hili moja tu. Uso ule haukumfanya Bibi awe na huzuni. Huzuni alikuwa nayo. Ulimrudishia kilichokuwa nyuma ya huzuni, na kilikuwa kizito, akahitaji kwenda kukipumzisha mahali. Mtu akipokea mzigo mzito huenda kando. Wewe ulimwona mgongo tu, ukadhani amesusa.

Siulizi nani alifanya nini. Sitataja kilichomo kibandani, sijui kilichomo kibandani. Nimetii kila kitu, Mjomba, hata insha niliifuta. Naomba nijibiwe jambo la kilimo tu, ambalo mpwa yeyote anaweza kumuuliza mjomba wake, na unijibu kwa mkono wa Mfaume huyuhuyu, hata kwa neno moja nyuma ya karatasi hii, kwa sababu sitalala hadi arudi.

Shamba la bondeni, umeshalichoma?

Skolastika